Gemu za bodi za Misri ya kale: ipi uagize kwanza, ipi usitoe hela kabisa

Ikifika Desemba meseji zinaanza, braza yuko Ujerumani anarudi likizo, kabakiza kilo mbili tatu kwenye begi, nimwagize gemu gani? Na wengi wakishaona mapiramidi na ile miungu yenye vichwa vya mbweha wanataka ya Misri. Haya, napanga nnazozijua, ila kwanza jiulize nani atakaa mezani na wewe manake hapo ndo hela za watu zinapopotelea.

Namba moja Ra, ya mtunzi Reiner Knizia, ilitoka 1999, ikachapwa upya 2022. Ni mnada mwanzo mwisho. Unachomoa kigae mfukoni unakiweka mezani, au unaita "Ra!" watu wapande dau, na dau lenyewe sio hela, ni majua, yaani vipande vyenye namba, yaliyo mbele yako, mkiwa watano kila mtu anaanza nayo matatu tu. Utamu uko hapa: ukishinda kwa jua lako la 13 unaliacha katikati ya meza unabeba lililokuwepo pale, tuseme la 2, na hilo la 2 ndo utatumia kipindi kijacho, huku atakayeshinda mnada unaofuata anaondoka na 13 yako kiulaini. Nimeona mtu mzima kang'ang'ania jua lake kubwa hatoi, anasubiri mzigo mnono, vile vigae vya Ra vinavyohesabu muda vikajaa kwenye mstari wao, kipindi kikafungwa, kaambulia patupu. Halafu huku kwetu kumwita mtu firauni ni ugomvi, kule mwenye vigae vya firauni vingi kuliko wote anapata pointi 5 na mwenye vichache kabisa anakatwa 2, kwa hio usishangae kumsikia shangazi anadai firauni wake kwa sauti. Vigae ni picha tupu, hamna cha kusoma. Ukinunua mtumba hesabu kabla hujalipa, viwe 180, mimi sikuhesabu, nikafika nyumbani havitimii.

Ya pili Imhotep, mtunzi Phil Walker-Harding, ya 2016, watu wawili mpaka wanne, kama dakika 40. Hii ndo ya familia. Unapakia mawe ya mbao kwenye meli yaende kujenga piramidi, hekalu, kaburi, lakini meli yoyote iliyopata mawe ya kutosha anaweza kuing'oa nanga mtu yeyote, hata asiye na jiwe ndani. Umejipangia mawe yako matatu yaende kwenye minara, jirani anaisukuma meli sokoni huku anakuangalia usoni. Ukiwa na mtu mwenye kununa haraka, fikiria tena.

Ya tatu Kemet, gemu ya vita, nawajua mtabisha kuiweka hapa. Ni nzuri, tena sana, ukivamia ukashinda unapata pointi ya kudumu, ukijilinda ukashinda hupati pointi, kwa hio hakuna kujificha nyumbani, na piramidi zenyewe kwenye toleo la kwanza zilikuwa dadu za pembe nne unazigeuza zikipanda daraja. Wale wa bao, mtu anayekaa chini ya mwembe anahesabu kete mizunguko kadhaa mbele, wataipenda hii. Ila boksi ni kubwa, linakula begi zima, na ukikosa watu wanne wenye jioni nzima linageuka pambo la kabatini. Toleo la sasa linaitwa Blood and Sand, la 2021.

Senet ndo ya Misri yenyewe, mbao zake zimekutwa hadi kaburini kwa Tutankhamun. Usinunue. Sheria za wenyewe hazikutufikia zimeandikwa, kila muuzaji anakuuzia za kukisiwa na wataalamu wa siku hizi, na hizo zimejaa mtandaoni bure. Chukua boksi la kadibodi uchore mistari mitatu ya vyumba kumi kumi, vizibo vitano vya Fanta vitano vya Pepsi kama mnavyocheza drafti, na vijiti vinne vilivyopasuliwa katikati badala ya dadu, unarusha unahesabu vilivyoangukia upande bapa juu.