Wepesi kuleta mpangaji, wazito kurudisha funguo: ofisi ya udalali niliyoitumia Kigoma

Natoa nyota mbili kati ya tano. Ya kwanza ni kwa sababu mpangaji waliyeniletea alikuwa mtu wa maana. Ya pili ni ya binti wa mapokezi, nitamfikia. Jina la ofisi siliweki kwa kuwa madai yetu hayajaisha, ila nasimulia kama ilivyotokea, maana wenye nyumba tunaoishi mbali na nyumba zetu tuko wengi.

Mimi ni mwalimu, niko Tabora. Nyumba iko Katubuka, Kigoma: vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani, uzio wa tofali. Tuliijenga na marehemu mume wangu kwa miaka tisa, mwaka huu msingi, mwaka ujao lenta, alipokuwa kazini reli. Alipofariki sikuwa na moyo wa kuiuza. Mwaka 2023 nikaikabidhi kwa ofisi hii ya udalali na usimamizi wa nyumba, iko Mwanga.

Mwanzo ulikuwa mzuri, sina haja ya kuficha. Ndani ya wiki mbili walipata mpangaji, kijana mwenye familia anayefanya kazi kwenye shirika linalohudumia wakimbizi. Kodi ni 300,000 kwa mwezi, analipa miezi sita kwa mkupuo. Aliweka na amana ya mwezi mmoja, 300,000, ikabaki ofisini kwao. Pesa ya dalali walichukua kwake. Kwangu walikata asilimia 10 ya kila malipo. Kwa miaka miwili, awamu nne, hiyo ni 720,000. Sikulalamika hata siku moja, kwa sababu kodi ilikuwa inaingia kwa wakati.

Mkataba uliisha 30 Juni 2025. Kijana alinipigia mwenyewe mapema: "Shikamoo mama. Shirika linanihamisha, notisi nimeshapeleka ofisini. Nyumba nitakuachia safi." Akahama.

Kuanzia hapo nilitaka vitu vitatu tu: funguo, fomu ya makabidhiano inayoonyesha nyumba imeachwaje, na hesabu ya amana. Julai yote naambiwa mkurugenzi yuko Kasulu. Agosti naambiwa funguo ziko kwa fundi. Fundi wa nini, nani kamwita? Nikajibiwa, "Mama, nyumba tunaisimamia sisi, wewe tulia." Neno hilo liliniuma sana. Nyumba niliyobeba maji ya kumwagilia tofali zake kichwani, leo naambiwa nitulie!

Kumbe upande wa pili mpangaji naye anahangaika. Kila akidai amana yake anaambiwa mwenye nyumba ndiye kaizuia. Kijana wa watu alikaa zaidi ya mwezi akiamini nimemdhulumu, mpaka siku alipojikaza akanipigia, tukalinganisha maneno. Hili ndilo siwasamehi. Pesa hutafutwa ikapatikana, lakini wao walitaka kunigombanisha na mtu aliyelea nyumba yangu miaka miwili kama ya mama yake.

Likizo fupi ya Septemba nikapanda treni. Urambo, Kaliua, Uvinza kwenye chumvi, usiku kucha sikupata usingizi. Niliposhuka Kigoma sikupita hata kwa wifi yangu, nilikwenda moja kwa moja Mwanga na begi langu mkononi.

Mkurugenzi hayupo. Nikakaa kwenye benchi tangu saa nne mpaka saa tisa. Binti wa mapokezi akaniletea maji ya kunywa, kisha akafungua kabati akatoa faili langu. Mkataba upo, risiti zipo, fomu ya makabidhiano imo lakini ni tupu, haina hata tarehe. "Mama, siku anahama hakwenda mtu kule," akaniambia kwa sauti ya chini. Ameshaacha kazi pale, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Nyota yake ni halali kabisa.

Jioni mkurugenzi akatokea na karatasi ya makato. Rangi nyumba nzima 180,000. Koki ya bafuni 35,000. Usafi 40,000. Ufuatiliaji 45,000. Jumlisha mwenyewe: ni 300,000, amana yote, haibaki hata shilingi. Risiti hakuna. Nikamwambia twende tukaone hiyo rangi, akasema ana kikao.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee yule anamkumbuka mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga simu moja, na haikupita nusu saa funguo zikaletwa na bodaboda. Miezi mitatu nazililia! Tukaingia mimi, yeye na jirani yangu.

Rangi ilikuwa sebuleni peke yake. Ukutani mpangaji aliacha kalenda, na fundi hakuishusha, aliipaka kwa kuizunguka. Nilipoitoa, chini yake kulikuwa na mraba wa rangi ya krimu ya zamani, ileile tuliyoichagua mimi na mume wangu, kingo zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Nilisimama pale kidogo. Vyumbani hakuna brashi iliyogusa. Bafuni koki "iliyotengenezwa" imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, inadondosha, ndoo chini imejaa na kufurika. Nje, mita ya maji inazunguka polepole kwenye nyumba isiyolala mtu tangu Juni. Deni la maji lilikuwa 68,000. Nikanunua umeme wa 5,000 ili nipate taa, 4,500 ikaenda kwenye kodi ya jengo ya miezi mitatu, maana siku hizi inakatwa humo humo kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi, na nyumba ikikaa bila mtu inajilimbikiza.

Mpangaji nilipompigia kuhusu koki akasema aliiripoti ofisini tangu Machi. Ana na ujumbe kwenye simu. Mimi sikuambiwa, na ningeambiwa ningetuma fundi siku hiyohiyo.

Kesho yake tukakaa kwa mwenyekiti. Picha zikawekwa mezani, ya kalenda ikiwa ya kwanza. Mkurugenzi akatoa 120,000, akaahidi 180,000 iliyobaki mwisho wa mwezi. Mimi nikaongeza 180,000 yangu, nikamtumia kijana amana yake yote siku ileile, kwa sababu nyumba aliiacha safi kama alivyosema, na koki haikuwa kosa lake. Mwisho wa mwezi ukapita. Mwenyekiti amenieleza kwamba tukianzia Baraza la Kata, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 kazi yao ni kusuluhisha, hawatoi hukumu, kwa hiyo nijiandae kwenda mbele zaidi. Nimejiandaa. Karatasi zote ninazo.

Kodi ya miezi mitatu iliyopotea, 900,000, sijaidai bado.

Anayetaka kuwatumia kwa kutafuta mpangaji awatumie, kazi hiyo wanaiweza. Ila amana isikae kwao. Iandikwe kwenye mkataba inashikwa na nani na inarudi ndani ya siku ngapi. Seti moja ya funguo baki nayo, au mwachie jirani unayemwamini. Namba ya mpangaji iwe kwenye simu yako tangu siku ya kwanza. Kama nisingekuwa na namba ya yule kijana, mpaka leo angekuwa ananihesabu mwizi. Na siku anayohama, uwepo au umtume mtu wako, apige picha ya kila ukuta na mita zote mbili.

Vitasa nimebadilisha, koki imewekwa mpya. Nyumba anakaa muuguzi mmoja na wanawe, tumeandikishana mbele ya mwenyekiti bila dalali. Ofisi wakirudisha 180,000 yangu, nitaandika hapa hapa kwamba wamerudisha, na tarehe yake.