CR2032 au LiPo kwa kifaa cha mkononi cha afya?

Kwa kuhesabu hatua tu, betri bapa ya CR2032 inatosha: volti 3, takriban mAh 220, haihitaji kuchajiwa. Itumie na nRF52, chipu ya Bluetooth inayotumia umeme kidogo. Ukiifunga kwenye ESP32, chipu yenye Wi-Fi, Wi-Fi hiyo inapowaka huvuta mamia ya miliampia kwa mkupuo. Volti inaanguka, chipu inajiwasha upya, na watu wanalaumu programu bure.

LiPo, yaani betri ya lithiamu-polima inayochajiwa, ya mAh 200 inahimili mikupuo hiyo, pamoja na taa za kihisi cha MAX30102 cha kupima mapigo. Tahadhari: moduli nyingi za kuchaji za TP4056 huchaji kwa ampia 1, hatari kwa betri ndogo hivyo. Ng'oa rizista ya kilo-ohm 1.2 inayopanga mkondo wa kuchaji, weka ya kilo-ohm 10. Utapata miliampia 130.

Kifaa cha mzee asiyependa chaja, CR2032. Cha kupima mapigo usiku kucha, LiPo.