Django kwenye mfumo wa Saccos: nyota nne

Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya Saccos, na kwa shughuli hiyo fremuweki ya Django (vifaa tayari vya kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya Python) naipa nyota nne kati ya tano.

Ilizaliwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, ikatolewa bure kwa umma mwaka 2005. Haraka ya chumba cha habari bado inaonekana: ukishaeleza jedwali la wanachama na kulisajili, unapata ukurasa wa msimamizi wa kuingiza na kurekebisha taarifa, tayari. Mhasibu wetu alianza kuutumia hata sijagusa muonekano.

Utamu wenyewe uko kwenye pesa. Rejesho la mkopo lina mambo mawili: salio lipungue, leja iandikwe. Nikiyafunga ndani ya transaction.atomic, inayohakikisha yote yanafanyika au halifanyiki hata moja, umeme ukikatika katikati hakuna kinachobaki nusu. Kiasi nakihifadhi kwa DecimalField, aina ya safu inayotunza desimali kamili. FloatField, ambayo hukadiria, itakugombanisha na mkaguzi kwa senti tu.

Kinga ya CSRF (hila ya tovuti nyingine kutuma maombi kwa jina la mtumiaji wako) ipo, nywila hazihifadhiwi wazi. Sawa, hayo ni ya lazima.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya ORM, sehemu inayogeuza msimbo wa Python kuwa maswali kwa kanzidata (hifadhi ya taarifa). Inadekeza mno! Unaandika mstari mmoja wa kuorodhesha mikopo na majina ya wakopaji, kumbe kwa kila mkopo inarudi kuuliza kanzidata upya. Mikopo ikifika elfu tano, karani anakunywa chai akisubiri. Dawa ni select_related, inayoleta mikopo na wakopaji kwa swali moja, ila lazima uijue.

Ukianza leo, chukua toleo la LTS, yaani linalotunzwa kwa muda mrefu. La 5.2, lililotoka Aprili 2025, linapata marekebisho ya usalama kwa miaka mitatu.