Kwa nini tuliiondoa nyumba yetu sokoni: tathmini ya huduma ya dalali

Nyumba yetu ilikaa sokoni kwa miezi saba, kisha tukaiondoa bila kuiuza. Dalali tuliyempa kazi hiyo simtaji jina, kwa kuwa kosa lililotugharimu nimelisikia pia kwa wauzaji waliohudumiwa na wengine.

Kabla yake tulikuwa tumezungumza na madalali wawili, ambao bei zao zilikaribiana. Yeye alitaja bei iliyozidi za wenzake kwa karibu robo, akasema kwamba nyumba yenye sebule pana kiasi kile haikosi mteja, nasi tukamchagua. Hatukumwomba atuonyeshe bei za nyumba zilizouzwa karibuni, zenye ukubwa na hali kama ya yetu, wala yeye hakuzileta, ingawa hicho ndicho kipimo ambacho muuzaji anaweza kukitegemea. Bei iliyo kwenye tangazo la jirani ni matumaini ya jirani, bado hakuna aliyeilipa.

Hasara ya bei ile ilianza mapema. Wanunuzi wanaotafuta kwa dhati huliona tangazo jipya katika wiki zake za kwanza, na waliokuja kwetu wakati huo walikuwa watu wenye uwezo wa kupata nyumba bora kuliko yetu. Namkumbuka mama mmoja aliyesimama katika chumba cha pili, akainua macho kwenye alama ya maji darini, kahawia na pana kama sinia, akampa mumewe ishara, wakatoka bila kuuliza swali. Nilitamani dalali angetuambia tangu siku ya kwanza kwamba paa lile litengenezwe kwanza. Badala yake alishusha bei mara tatu, na kila iliposhuka, waliopiga simu waliuliza mbona nyumba imekaa muda mrefu hivyo na ina kasoro gani. Wenye uwezo wa kununua kwa bei nzuri, yaani wale wa mwanzo, walikuwa wamekwisha kununua kwingine.

Mwezi wa sita alipatikana mnunuzi tuliyeelewana naye. Alitegemea mkopo wa benki, benki ikamtuma mthamini, na thamani aliyoiandika ikawa chini ya bei tuliyokubaliana. Kwa kuwa benki hukopesha kwa kuangalia thamani hiyo, yule bwana alitakiwa kuijaza tofauti kwa fedha zake, naye hakuwa nazo. Sisi wenyewe tulikuwa bado hatujapata pa kuhamia. Wiki hiyohiyo tulimwomba dalali aliondoe tangazo.

Hapa lazima nimtendee haki, maana namna alivyolipokea jambo hilo ilinigusa. Hakutulaumu wala hakutushikia funguo. Alikuja nyumbani, akatufungulia mkataba na kutusomea kifungu kinachosema kwamba tukimuuzia mtu aliyeletwa naye ndani ya miezi sita baada ya kusitisha huduma, kamisheni yake itabaki palepale. Kisha akatukabidhi orodha ya wote aliowaleta, ili pasitokee ubishi baadaye. Gharama za picha, ambazo mkataba ulimruhusu kutudai, hakuzidai. Na picha zenyewe zilikuwa nzuri, zilizopigwa asubuhi madirisha yakiwa wazi.

Kwa uaminifu na usikivu nampa nyota nne kati ya tano. Kwa kupanga bei nampa moja, na kwa muuzaji hiyo ndiyo sehemu ya huduma yenye uzito kuliko zote. Paa linatengenezwa sasa. Likikamilika tutamwita tena aje aitazame nyumba pamoja na madalali wengine, na kila mmoja tutamtaka aje na bei za nyumba zilizokwisha kuuzwa kabla hajatutajia ya kwake.