Taima ya vijino 96 kwa taa za krisanthemamu: nzuri, mradi stima isipotee

Taima iliyojaa madukani Luthuli Avenue, Nairobi, ni ile ya kuchomeka soketini, yenye gurudumu la vijino 96, kila kijino dakika 15. Imeandikwa 16A (ampea 16, kiwango cha juu cha umeme inachobeba), haina betri, na mfanyakazi wa kivungulio huielewa mara moja. Kwa pampu ndogo ya maji haina shida. Kwa krisanthemamu, ua la kukatwa na kuuzwa, tuna masharti.

Krisanthemamu huchanua usiku ukiwa mrefu, na usiku wa Nairobi ni takriban saa 12 mwaka mzima. Mche ukiachwa hivyo huweka vitumba ungali mfupi, na bua fupi halina soko. Ndiyo maana usiku hukatizwa kwa taa mpaka mmea ufikishe kama sentimita 30, kisha taa huzimwa kabisa.

Jani lina saa yake ya ndani. Giza likiingia huanza kuhesabu, na usiku ukishakolea huwa tayari kuitikia mwanga. Mwanga mwekundu ukilipata wakati huo, fitokromu, protini ya jani inayohisi mwanga, huamsha jeni ya AFT, ambayo protini yake husafiri hadi nchani na kuzuia ua. Giza lisipokatizwa, AFT hunyamaza na jeni ya FTL3 hutuma protini ya kuchanuza. Watafiti wa Japani waliueleza mfumo huu mwaka 2013.

Kwa jua linalozama karibu saa kumi na mbili na nusu, tunapendekeza vijino 16: saa nne na nusu usiku hadi saa nane na nusu. Gurudumu husoma saa 24, kwa hiyo bonyeza kuanzia 22:30 hadi 02:30. Anayebonyeza kwenye 4 amewasha taa saa kumi alfajiri.

Sasa udhaifu wenyewe, na ni mkubwa. Stima ikipotea, gurudumu husimama. Saa ya jani haisimami. Umeme ukikatika mara kadhaa hadi jumla ya saa nane, taa zitawaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza, na usiku mzima utakuwa umepita bila kukatizwa. Mkulima anaona balbu zinawaka, anailaumu mbegu au mbolea, kumbe vitumba vimeshaanza. Kagua gurudumu kila jioni, na kila baada ya stima kurudi.

Angalia pia swichi ya pembeni. Ikiachwa kwenye I, taa huwaka usiku kucha hata wakati wa kuchanuza. Tena, 16A hiyo ni ya mzigo kama hita. Balbu nyingi za LED huvuta umeme wa ghafla zinapowaka, na vikontakti vya ndani vinaweza kugandana. Mwambie fundi aweke kontakta, swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, ibebe mzigo wa taa; taima iamrishe kontakta tu.

Kwa kivungulio kikubwa, nunua taima ya dijitali yenye betri ya ndani. Ukitaka kuwasha kwa vipindi, hesabu programu zake kwanza: kuwasha dakika 10 katika kila 30 kwa saa nne kunahitaji programu 8, na baadhi ya taima hazifikishi idadi hiyo.

Mwanga wa lux 100 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwenye ncha za mimea unatosha kwa balbu nyeupe. Kipimo cha lux husoma chini kwenye balbu nyekundu, hivyo usiziongeze kwa sababu ya namba hiyo peke yake. Ukishazima taa za kivungulio, funika au geuza taa ya ulinzi iliyo karibu, la sivyo mistari ya ukingoni itachelewa kuchanua.