Uzoefu wangu: Wyatt Earp ndani ya My Darling Clementine (1946)

Mliozoea makauboi wa siku hizi nawatahadharisha mapema: filamu hii haina rangi, ina dakika 97, na risasi nyingi zimewekwa mwishoni. Niliitafuta kwa ajili ya Henry Fonda, aliyecheza kama Wyatt Earp, mlinda sheria maarufu wa Marekani ya kale, na sikujuta.

Fonda ni stelingi asiye na papara. Kuna pale amekaa barazani, kiti kimelalia miguu ya nyuma, anakanyaga nguzo kwa mguu huu kisha ule, kama anacheza dansi kitini. Hasemi neno, lakini unajua mji una mwenyewe. Baadaye Clementine, mwanamke aliyemteka moyo, anasifia harufu ya maua ya jangwani, naye anakiri ni yeye, kapuliziwa marashi na kinyozi. Nilicheka peke yangu.

Sasa wapenda historia mjikaze. Mapigano ya O.K. Corral, akina Earp dhidi ya genge la Clanton, mjini Tombstone, Arizona, yalitokea tarehe 26 Oktoba 1881. Mwongozaji John Ford kayasogeza hadi 1882. Yale halisi yalikwisha kwa kama nusu dakika, wakafa watu watatu. James Earp, ambaye kwenye filamu ni kitinda mimba wa akina Earp anayeuawa mwanzoni, kiukweli alikuwa mkubwa kwa Wyatt na akaishi hadi 1926. Mzee Clanton, adui mkuu, alikuwa kaburini tangu Agosti 1881. Doc Holliday, rafiki wa Wyatt na daktari wa meno, kageuzwa daktari wa upasuaji na kuuawa kwenye mapigano, ilhali alikufa 1887, Colorado, kwa kifua kikuu.

Hayo nasamehe, sinema ni sinema. Lililonikera ni la Virgil, kaka yake Wyatt. Siku ile mkuu wa polisi wa mji alikuwa yeye, Wyatt alikuwa msaidizi tu. Filamu inamvua kaka beji na kumvisha mdogo, halafu inamuua kaka kwa risasi ya mgongoni kabla hata pambano halijaanza! Virgil halisi alifariki 1905.

Na lile tukio la kumburura Mwamerika Asilia mlevi na kumfukuza mjini, tunatakiwa tumwone Earp shujaa. Mimi nilimwona mbabe.

Nampa Fonda nyota tano, filamu nyota nne. Ukitaka Earp wa kisasi na risasi mwanzo mwisho, tafuta Tombstone ya 1993, yule wa Kurt Russell.