Uzoefu wangu Ryoan-ji, Kyoto: bustani ya mawe na kokoto tupu

Kama unaenda Kyoto, Japani, na una muda wa bustani moja tu, mi nakwambia nenda ile ya hekalu la Ryoan-ji, na uwahi asubuhi kabisa wakifungua maana mabasi ya watalii yakishashusha watu ule utulivu ndo basi tena.

Unavua viatu, unapita ndani ya jengo la hekalu unatokea kwenye baraza ya mbao, na mbele yako ni kokoto nyeupe na mawe 15, hakuna maua, hakuna bwawa, na kushuka kukanyaga hairuhusiwi, unakaa chini unaangalia. Hekalu ni la Wabudha wa Zen, yaani madhehebu yanayotilia mkazo kukaa na kutafakari, lilianzishwa 1450, na kwenye mtindo huu wa bustani kavu kokoto ndo maji yenyewe, zinachanwa kwa reki mistari imenyooka halafu ikifika kwenye jiwe inalizunguka kama mawimbi yanavyozunguka kisiwa.

Kilichoniteka kweli ni mpangilio. Mawe yako mafungu 5, na ukikaa barazani popote pale huwezi kuyaona yote, lazima moja lifichwe na mwenzake, nimehama kona mpaka kona nahesabu nakwama kwenye 14. Wengine wanasema ni visiwa, wengine chui milia anavusha watoto mtoni, aliyeitengeneza hakuacha maelezo na hata yeye ni nani hakuna uhakika. Mi nipo upande wa visiwa, lakini nadhani raha yake ni kwamba hakuna wa kukukatalia.

Halafu usiupite ule ukuta wa udongo kwa nyuma jamani! Udongo wake ulipikwa na mafuta, na miaka yote hiyo mafuta yamechuruzika nje yakaacha madoa ya kahawia, na hakuna anayeyafuta, kule kitu kuonyesha umri wake ndo uzuri wenyewe. Nyuma ya jengo kuna birika la jiwe la kunawia mikono kabla ya sherehe ya chai ya Kijapani, liko chini makusudi ili yeyote anayenawa ainame, hata awe bwana mkubwa.

Kinachoudhi ni kelele, watu wanapiga picha wanaongea kwa sauti dakika mbili wanaondoka, sasa hapo umeona nini?

Kiingilio hakiumizi, na kwa wasioona wameweka mfano mdogo wa bustani wa kupapasa kwa mikono, hilo nimelipenda mno.